Sura ya Sita: Matawi ya Sajinitaji Masele

Mtuhumiwa alifika kituoni Kahama saa moja kasoro dakika tano asubuhi, kama alivyofika siku tatu zilizotangulia. Masharti ya dhamana yalimtaka aripoti mara moja kwa siku, asaini, aende zake. Yeye aliripoti, akasaini, kisha akakaa kwenye benchi la nje mpaka jioni. Na kwa kuwa mikono yake haikujua kukaa bure, alikuwa ameshafagia uwanja wote, amepanga upya mawe yanayozunguka mlingoti wa bendera, na jana yake alijilaza chini ya Landkruza ya kituo akaiponya mlio uliowashinda mafundi wawili. Askari wa zamu walikuwa wanamletea chai. Mgeni angepita pale angedhani ndiye mkuu wa kituo.

Inspekta Justa alimkuta ameshika ufagio.

"Shikamoo, mzee."

"Jambo, afande!" alijibu, visigino vikigongana.

Walisema kwa pamoja, wakanyamaza kwa pamoja. Kwa umri, mzee alipaswa kuitikia marahaba. Kwa cheo, alijiona anapaswa kusimama wima mbele ya inspekta. Tangu jana, Justa aliporudi likizo na kukabidhiwa jalada, hawakuwa wamepata suluhu.

Huyu ndiye Sajinitaji mstaafu Masele, mwenye miaka sitini na moja. Ishirini na minne aliimaliza jeshini akiendesha malori, kumi na mitatu iliyofuata akiendesha ya mzee Ishwarlal, mfanyabiashara wa Shinyanga. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kupoteza hata boksi la biskuti. Alhamisi iliyopita alitoka Shinyanga saa kumi na mbili asubuhi na makasha ishirini ya biti, vile vichwa vya kuchoronga mwamba, akiyapeleka mgodini Bugarama. Getini yakahesabiwa kumi na tisa. Sili ya mlango, ule mfungo wa chuma wenye namba, ilikuwa nzima, ila namba yake haikuwa ile iliyoandikwa kwenye karatasi za safari. Mtu alifungua, akatoa kasha, akafunga na sili nyingine.

Kesho saa tatu jalada lilikuwa linakwenda kwa mwendesha mashtaka. Likifika lilivyo, mzee huyu angesimama kizimbani kwa wizi, na leseni yake ingebaki kwenye droo ya polisi.

"Nataka tupitie safari tena," Justa alisema.

"Ndiyo, afande."

"Ulikuwa peke yako?"

"Utingo wangu alikuwa na malaria, alibaki Shinyanga. Hadi hapa Kahama tuliongozana na Enock, dereva mwenzangu. Yeye alipakia mashudu ya pamba, chakula cha ng'ombe, anapeleka Katoro."

"Ulisimama wapi?"

"Hapa mjini, saa mbili hadi saa mbili na nusu, kunywa chai. Halafu njiani kabla ya Bugarama. Krosi ya propela, kiungo cha ule mhimili unaozungusha tairi za nyuma, ilikatika saa tatu na nusu. Niliweka matawi, nikashusha propela, nikafunga krosi ya akiba. Niliondoka saa saba kamili."

"Sili uliikagua?"

"Kila nilipoanza kuondoka niliivuta kwa mkono."

"Namba uliisoma?"

"Shinyanga niliisoma."

"Na hapa Kahama?"

Mzee aliutazama ufagio. "Hapa niliivuta tu, afande."

"Kwa nini hukuisoma?"

Lilikuwa swali la kwanza ambalo hakulijibu tangu akamatwe, na Justa aliliandika kwenye daftari lake akalichorea duara.

Simu yake ikalia. Alikuwa Varsha, binti wa mzee Ishwarlal, ambaye siku hizi ndiye anayeiendesha kampuni. Ni yeye aliyefungua malalamiko, na kila siku alipiga simu kuulizia kama mshtakiwa wake amekula.

"Inspekta, habari za asubuhi. Mzee Masele anaendeleaje? Baba ananiuliza mimi, mimi nakuuliza wewe."

"Anafagia. Dada Varsha, ile namba ya sili iliyokutwa mlangoni umeitafuta?"

"Nimeitafuta. Ni ya kwetu. Imetoka kwenye boksi la ofisini, na boksi liko kwenye meza yangu."

"Nani mwingine ana ufunguo?"

"Hakuna. Meza haifungwi." Sauti ilishuka. "Najua inavyoonekana. Mimi ningeweza kumpa yeyote. Niweke kwenye orodha yako, sitakasirika. Lakini baba tangu Ijumaa hali chakula. Anasema nimemshtaki mdogo wake."

Justa alimweka kwenye orodha. Upelelezi hauna dada wala baba. Halafu akakata simu, akamwita Koplo Abel alete gari.

Njiani Abel aliendesha kwa mkono mmoja na kuzungumza kwa mwingine. Ndiye aliyelipeleleza jalada lile kabla Justa hajarudi, na alilipenda kama mtu anavyoipenda nyumba aliyojenga mwenyewe.

"Afande, mzee ni mtu mzuri, hata mimi nampenda. Ila Enock alikuja mwenyewe Ijumaa, hakuitwa. Anasema alipita pale saa nne na nusu, akaona lori limesimama, mlango wa nyuma uko wazi, na vijana wawili wanashusha kasha kwenye bajaji ya mizigo. Nikamuuliza, huenda gari liliharibika? Akasema, gari lililoharibika lingekuwa na matawi, na pale hapakuwa na tawi hata moja. Nikaenda Ijumaa hiyohiyo kuhakikisha. Kweli. Lami nyeupe pe! Hakuna tawi, hakuna jiwe."

Justa hakubisha. Pembetatu za kuakisi ziko kwenye sheria, lakini matawi yako kwenye damu. Hakuna dereva wa nchi hii anayeharibikiwa na gari bila kwanza kukata matawi na kuyatandaza barabarani, mbele na nyuma, na chini ya tairi akaweka mawe. Na hakuna anayeyatoa. Gari likipona dereva anapanda, anaondoka, na matawi yanabaki yakinyauka wiki nzima, na mawe yanabaki yakisubiri pikipiki ya mtu. Kwa hiyo pasipo na matawi, hapakuwa na gari bovu. Hesabu ya Abel ilikuwa imekaa sawa, na ndiyo iliyokuwa inampeleka mzee kizimbani.

Kifaa cha kufuatilia lori kiliwaonyesha mahali penyewe, karibu na kalavati moja, kilomita chache kabla ya Bugarama. Pamba ilikuwa imeshavunwa na mashamba yalikuwa makavu pande zote mbili. Justa alishuka akatembea pembeni ya barabara hatua hamsini kwenda, hatua hamsini kurudi, macho chini.

"Nilikwambia, afande," alisema Abel kutoka garini. "Peupe."

"Hili doa je?"

Abel alishuka. Kwenye lami palikuwa na doa jeusi la grisi, dogo kama sahani.

"Hilo linaweza kuwa la gari lolote."

"Linaweza," Justa alikubali. Akanyanyua macho. Ng'ambo ya mtaro palikuwa na kibanda cha nyasi, na nyuma yake mwarobaini mkubwa. Upande mmoja wa mti ulikuwa umenyolewa. Akavuka, akahesabu makovu ya panga kwenye matawi: kumi na mawili, yote yamekatwa kwa pigo moja, kwa mshazari, juu ya kifundo, kama akatavyo mtu anayetaka mti uchipue tena.

Kwenye kibanda alikaa mama mnene aliyejifunga kitenge cha njano, akiuza matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa. Justa alikuwa Mhaya, na Kisukuma chake kilianzia na kuishia kwenye salamu, lakini hakuwahi kukionea aibu.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, ng'wanawane!" Mama alicheka kwa furaha, akamwaga maneno mengi ya Kisukuma. Alipoona mgeni anatabasamu bila kuelewa, akamhurumia, akahamia Kiswahili. "Kumbe umeazima salamu tu! Karibu. Mimi Mama Blessing. Kula kiazi."

"Mama, Ijumaa polisi walipita hapa. Hukuzungumza nao?"

"Ijumaa mimi niko mnadani. Polisi angekuja kwangu angeniona wapi?"

Justa alimgeukia Abel. Abel alikuwa ghafla amependezwa sana na viazi.

"Na Alhamisi?"

"Alhamisi nipo. Siku ya yule mzee mwanajeshi."

"Nani kakwambia ni mwanajeshi?"

"Nani hawezi kuona? Gari limekufa pale, watu wengine wanatukana, yeye anashuka, anafunga vifungo vya shati, anakuja kwangu. Ananiambia, mama, naomba ruhusa ya kukata matawi kwenye mti wako. Ruhusa! Mti wa barabarani! Nikasema kata. Akakata, akapanga sita nyuma, sita mbele, yamenyooka gete, hadi nikaona raha kuangalia. Halafu akaingia chini ya gari. Miguu tu ndiyo ilikuwa nje."

"Alikuwa na watu? Vijana? Bajaji?"

"Watu gani? Nilimpelekea maji mwenyewe. Alikuwa yeye na mafuta yake ya gari usoni."

"Mlango wa nyuma ulifunguliwa?"

"Haukufunguliwa. Nilikuwa nauangalia toka asubuhi mpaka saa saba, sina kingine cha kuangalia hapa."

Justa aliandika kila neno. Kisha akauliza lile swali ambalo siku nne nzima hakuna aliyeliuliza.

"Sasa hayo matawi yako wapi?"

Mama Blessing alicheka mpaka kitenge kikalegea. Akainuka, akawaongoza nyuma ya kibanda. Pale, yameegeshwa ukutani, yalikuwa matawi kumi na mawili ya mwarobaini yaliyonyauka, ncha zilizokatwa zote upande mmoja, yamefungwa kwa kamba ya katani. Kando yake mawe manne yamepangwa kwa mstari.

"Alinirudishia," alisema. "Nilimwambia, baba, yaache tu barabarani, kila mtu anaacha. Akasema hapana, mama. Tawi lililoachwa barabarani ni uongo. Linamwambia dereva mbele kuna gari, na gari hakuna. Kesho na keshokutwa ataliona la kweli, hatapunguza mwendo, atakufa. Akayafunga, akaniletea, akasema utapata kuni. Hata sijayachoma. Nayaonea huruma."

Abel alivua kofia. "Lo," alisema. "Mimi nimemwandikia mtu kesi kwa sababu ni msafi."

"Piga picha," Justa alimwambia. "Mti, makovu, matawi, mawe, doa. Halafu pakia mzigo huo wote." Akamrudia mama. "Siku hiyo ulimwona pia dereva wa lori la mashudu?"

"Huyo alikuja mchana, jua limeanza kulala, kama saa tisa. Nayajua mashudu kwa harufu. Alisimama palepale. Akashuka, akaangalia lami, akaangalia huku na huku kama mtu aliyedondosha ufunguo, akapanda akaondoka. Hata kiazi hakununua."

"Saa tisa. Si saa nne?"

"Saa nne yule mzee alikuwa chini ya gari lake, na matawi yangu yametanda barabarani. Angepitaje asiyaone?"

Justa alinunua matobolwa ya shilingi elfu mbili, ya kituo kizima.

Enock aliitwa, akaja alasiri. Alikuwa na miaka thelathini na tano, shati safi, simu mbili. Alimwamkia Justa kwa heshima, akakaa, akatoa maelezo yaleyale ya Ijumaa bila kukwaa popote. Hata pumzi alivutia palepale.

"Ulijuaje kwamba alidai gari limeharibika?"

"Aliandika kwenye grupu la WhatsApp la madereva. Krosi imekatika, yuko karibu na kalavati."

"Saa ngapi?"

"Saa tatu na nusu, saa nne hivi."

"Na wewe saa nne na nusu ulikuwa umeshafika hapo."

"Ndiyo, afande."

"Dereva mwenzako ameandika kwamba ameharibikiwa, unamkuta, na hukusimama?"

Enock alilamba midomo. "Niliona yale mambo, nikaogopa."

"Matawi?"

"Hapakuwa na matawi."

"Labda nyuma hayakuwepo, mbele yakawepo."

"Hata moja, afande. Mbele na nyuma. Niliangalia vizuri sana."

"Naamini uliangalia vizuri," alisema Justa. "Abel!"

Abel aliingia na ule mzigo begani, akautua mezani. Vumbi na majani makavu ya mwarobaini vikamwagika juu ya maelezo ya shahidi. Justa hakuvipangusa.

"Haya ni matawi ya Masele. Saa nne na nusu yalikuwa barabarani, sita mbele, sita nyuma. Mwenye mti aliyaona. Saa saba mzee aliyaokota yote, akafunga kamba, akarudisha. Wewe ulifika saa tisa. Ulishuka, ukatafuta matawi, hukuyaona, ukajua umepata zawadi. Ukaja mbio kutuambia."

"Nani anaokota matawi?" Enock alifoka. "Hakuna dereva anayeokota matawi!"

"Yupo mmoja. Umefanya naye kazi miaka mingapi?"

Enock aliyatazama matawi. 

"Sita," alisema.

"Lori lako halina kifaa cha kufuatilia, maana ng'ombe wa Katoro hawadai ripoti. Lakini simu zako mbili zinazo kumbukumbu, na nimeshaandika barua kwa kampuni ya simu. Kuanzia saa mbili na nusu hadi saa nane mchana ulikuwa wapi?"

Ilichukua robo saa, na Justa hakuwa na haja ya kupandisha sauti. Sili Enock aliichukua kwenye meza ya Varsha, Jumatano, alipoitwa kusaini karatasi na dada akatoka kupokea simu. Dalali mmoja wa wachimbaji wadogo alikuwa anatafuta biti. Kasha lilitolewa hapa Kahama, saa mbili asubuhi, katika ile nusu saa ya chai. Likaingia chini ya magunia ya mashudu, na kutoka hapo likaenda kwenye chumba alichopanga huku mjini. Dalali alikuwa hajatokea. Kasha lilikuwa bado chini ya kitanda.

"Mzee alikuwa wapi ukifungua?"

"Kwa mama lishe, ng'ambo." Enock alifunika uso. "Nilimwambia nenda kanywe chai, mzee wangu, mimi nakulindia gari. Akanishukuru."

Justa alifunga daftari. Lile duara la asubuhi lilikuwa limepata jibu, na jibu lenyewe lilimuuma kuliko alivyotegemea. Alimwachia Abel amwandikishe maungamo na aende kulichukua kasha, yeye akatoka nje.

Masele alikuwa kwenye benchi, magoti pamoja, viganja juu ya magoti.

"Kasha tumejua liliko, mzee."

Alifumba macho. Midomo ilisogea kidogo bila sauti. Alipoyafumbua hakuuliza kama yuko huru. Aliuliza, "Ni yeye?"

"Ulijua."

"Nilijua ni hapa Kahama. Kwingine kokote gari halikutoka machoni mwangu."

"Siku nne, mzee! Ungesema neno moja tu, kwamba Enock ndiye aliyebaki na gari. Ningemaliza jana."

"Afande, nilimwachia lindo. Mtu akikukabidhi lindo akasema shwari, unapokea shwari. Humchungulii mgongoni. Ndiyo maana niliivuta sili, sikuisoma. Ningeisoma ningekuwa namwambia simwamini. Na sikuwa na ushahidi. Nilishaona askari anafungwa kwa kutajwa tu. Alikuwa rafiki yangu. Nikasema, kama ni kufungwa, nifungwe mimi nikijua sijamsingizia mtu."

Justa alikaa kando yake. Alimpenda mzee huyu wakati ule kama alivyompenda baba yake, na alikuwa amemkasirikia kwa kiasi hichohicho.

"Mkeo je? Na mzee Ishwarlal asiyekula? Nao uliwapangia wafungwe?"

Mzee aliinamisha kichwa.

"Nikuulize la jeshini," Justa alisema kwa upole. "Askari akiiba kwenye lindo, anayepaswa kuripoti ni nani?"

"Aliyemkabidhi."

"Si mpelelezi?"

"Hapana. Aliyemkabidhi kwanza."

"Amekiri mwenyewe, mzee. Ushahidi ninao. Sasa nahitaji ripoti yako, bila hiyo jalada halijakamilika."

Masele alisimama. Alifunga kifungo cha juu cha shati, akanyoosha mikono kwenye mishono ya suruali, akatazama mbele, juu ya paa la kituo. Askari wawili wa zamu waliokuwa wanakula viazi barazani waliacha kutafuna.

"Afande, naripoti," alisema, kwa sauti iliyofika hadi barabarani. "Siku ya Alhamisi, saa mbili asubuhi, mjini Kahama, mimi Sajinitaji mstaafu Masele niliacha gari langu chini ya ulinzi wa dereva Enock. Gari lilikuwa shwari. Niliporudi aliniambia ni shwari. Nilipokea. Lindo lile lilivunjwa, na mzigo uliibwa, na aliyeuvunja ulinzi ni yeye. Mwisho wa ripoti."

Justa aliandika, akampa kalamu. Alisaini kwa herufi kubwa zilizonyooka, akaandika tarehe na saa. Justa alimrudishia leseni yake. Aliipokea kwa mikono miwili, akasoma jina na namba mpaka mwisho, akaiweka mfuko wa kifuani. Kisha akakaa chini, mtu huru, akalia kwa ajili ya Enock, na hakuna askari hata mmoja wa kituo kile aliyemwambia ajikaze.